Mwenye Nyumba Aliyekwenda Kuwa Mgeni

Katika kijiji cha Gornji Rit hakukuwa na jina la ukoo hata moja lililozaliwa palepale. Ardhi ile ya Banat, tambarare kama sinia, zamani ilikuwa mabwawa na matete, na kila aliyekuja kuikausha na kuilima alifika na vumbi la kwingine miguuni. Waliomtangulia walimwuliza, "Wewe umetoka wapi?" na jibu lake likawa jina la wajukuu zake. Ndivyo walivyopatikana akina Crnogorac waliotoka Montenegro, akina Moldovan, akina Ličanin, akina Bugarski. Kule Bulgaria hakuna haja ya kumwita mtu Bugarski, kwa kuwa kila mtu ni Mbulgaria. Jina hilo mtu hulipata akishaondoka.

Gavra, mfunga mifagio, alikuwa Erdeljan, yaani wa watu waliotoka Erdelj, nchi ya milima iliyo ng'ambo ya mpaka, huko Rumania. Alilipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda farasi wao. Akiwa kibandani kwake, ameshikilia mtama wa mifagio kati ya magoti na waya umezungushwa kiunoni, alikuwa mwepesi kukueleza kwamba akina Erdeljan walikuja na vitabu vya kanisa mgongoni wakati wengine walikuja na viroboto.

Mwathirika mkubwa wa utani wake alikuwa jirani yake Toša. Toša alizaliwa Ličanin, lakini alioa kwenye nyumba ya Bugarski, nyumba isiyo na mtoto wa kiume, akahamia huko na begi moja la nguo. Pale kwetu mwanamume wa namna hiyo watu husema ameolewa. Analima shamba la baba mkwe, anakaa kwenye kiti cha baba mkwe, na kijiji kikimtaja hutaja nyumba ya mkewe.

"Toša!" Gavra alikuwa akipaza sauti juu ya ua. "Mke amekuruhusu kutoka?"

"Ameniruhusu, ila nirudi kabla ya kuku."

"Na ukichelewa?"

"Nalala kwako. Wewe si mwanamume wa nyumba yako mwenyewe? Utamwambia Desanka atandike."

Desanka, mke wa Gavra, alikuwa akichungulia dirishani na kuwaambia wote wawili wakalale na kuku. Walicheka. Lakini kila alipomaliza kucheka, Gavra aliinamia haraka waya wake, kwa kuwa alijua jambo ambalo Toša hakulijua.

Babu yake Gavra aliitwa Avram Ursu. Alikuwa Mrumania, mkulima wa kibarua aliyeshuka kutoka vilimani hana kitu ila shoka na sauti nzuri, akafika kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya pili na kuolewa katika nyumba ya Erdeljan iliyokuwa na binti mmoja tu. Ursu kwa lugha yao ni dubu. Alichukua shamba, na pamoja na shamba akachukua jina la nyumba na mtakatifu wa nyumba, maana kwetu mtakatifu hukaa na ardhi. Anayekula mazao yake ndiye anayemwashia mshumaa. Baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaisha, mpaka ukachorwa katikati ya mashamba, na watoto wa Avram wakavuka kuja upande huu. Huku hakuna aliyewajua. Walijitaja Erdeljan, wakaandikwa Erdeljan, na dubu wakamwacha ng'ambo. Gavra aliambiwa haya na baba yake siku baba alipokuwa anajua kwamba hataamka tena kitandani, na tangu hapo hakumwambia mtu.

Mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyejua. Huyo alikuwa shangazi yake Perka, binti wa Avram mwenyewe, mwanamke mzee asiyewahi kuolewa, aliyeishi chumba cha nyuma na kutembea kwa kuegemea kuta.

Mambo yangebaki hivyo kama Smilja, binti wa pekee wa Gavra, asingeajiriwa kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Siku ya kwanza msimamizi aliita, "Erdeljan!" wakageuka watu wawili. Mmoja alikuwa Smilja. Wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye masikio ya kusimama, dereva wa trekta, aitwaye Radoš, wa kijiji cha Donji Jaz ng'ambo ya mfereji. Wakacheka. Kesho yake msimamizi aliita tena, wakageuka tena, na safari hii hawakumgeukia msimamizi.

Radoš alipokuja nyumbani amevaa koti la Jumapili, Desanka alimpenda kabla hajakaa. Alimwekea kahawa na kitunga cha keki, akamwuliza kama mama anavyouliza.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Erdeljan, mama. Wa Donji Jaz. Mzee Arsen ni babu yangu."

"Erdeljan," Desanka akarudia taratibu. "Na slava yenu ni ya nani?"

"Mtakatifu Toma."

Desanka akaweka birika chini. Smilja akamtazama baba yake. Gavra akautazama mlango kama mtu aliyesikia hodi.

Slava ndiyo siku ya mtakatifu wa nyumba, na kwetu ina uzito kuliko siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Watu wakiwa na jina moja peke yake, si kitu. Dunia ni pana. Wakiwa na mtakatifu mmoja peke yake, si kitu pia. Lakini jina moja na mtakatifu mmoja, hao ni ndugu, hata kama hakuna anayeweza kumtaja babu aliyewazaa wote. Na ndugu hawaoani. Ofisi ya serikali ingewaoza bila shida, maana serikali haikuulizia watakatifu. Ila msimamizi gani wa ndoa angesimama nao? Nani angekuja kula kwao?

Alipoulizwa, mzee Arsen alituma jibu fupi kupitia kwa mjukuu wake. "Nikishakufa, fanyeni mnavyotaka. Nikiwa hai, Erdeljan haoi Erdeljan."

Smilja hakulia mbele ya watu. Aliingia kibandani kwa baba yake, akaketi kwenye kigoda cha pili na kuanza kufunga mifagio kama alivyofanya alipokuwa msichana mdogo. Alikaza waya mpaka ukakatika. Akachukua mwingine, nao ukakatika.

"Taratibu, mwanangu. Huo ni ufagio tu."

"Wanataka nimwite kaka, baba."

Gavra akaokota waya uliokatika.

"Nimejaribu," akasema Smilja. "Jana kiwandani nilimwambia, 'Habari, kaka.' Akashuka kwenye trekta akaenda nyuma ya ghala. Nilimsikia akitapika."

Gavra akaudunda mtama magotini, mara moja, kisha tena. Neno lilikuwa mdomoni. Damu ya nyumba yake, ile ipitayo kwa wanaume, haikuwa ya Erdeljan hata tone. Ilikuwa ya dubu wa Kirumania aliyeolewa. Alichotakiwa ni kusema tu.

Jioni ile alikwenda chumba cha nyuma. Shangazi Perka alikuwa ameketi kitandani, soksi za sufi miguuni ingawa kulikuwa bado na joto. Alimtazama usoni akajua.

"Usiseme."

"Shangazi, sijasema kitu."

"Nakuona ulivyosimama. Marehemu baba yako alisimama hivyohivyo alipotaka kufanya ujinga." Akavuta blanketi. "Gavra, wewe umezaliwa upande huu. Hujui. Mimi nilikuwa nakwenda kisimani kule na wasichana wanavuma kama dubu. Kila siku, nikiinama kuchota, wananivumia. Baba yangu akipita njiani, wanaume wanamwuliza kama amevaa sketi. Mwanamume aliyewalimia nusu ya mashamba yao! Kuna kijana alinitaka. Mama yake akasema hawezi kuleta nyumbani mtoto wa mwanamume aliyeolewa. Basi. Ndiyo maana uko na shangazi chumba cha nyuma."

Gavra hakuwa amelisikia hilo la kijana. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Tulipovuka," Perka akaendelea, "nilikwenda kisimani siku ya kwanza, nikainama, nikasubiri. Hakuna aliyevuma. Nilichota maji nikalia njia nzima mpaka nyumbani, na ndoo imejaa. Unataka kunirudisha kule?"

"Na Smilja?"

"Smilja atapata mwingine."

"Wewe ulipata mwingine?"

Ni neno alilotamani kulirudisha mara tu lilipotoka. Shangazi Perka akageukia ukutani. Gavra akakitazama kisogo chake kidogo chenye kitambaa cheusi, kisha akaondoka bila kupata ruhusa na bila kunyimwa tena.

Siku ya Mtakatifu Toma huja katikati ya Oktoba, mahindi yakiwa yamevunwa nusu. Asubuhi padri alifika akaukata mkate pamoja na Gavra na kuumwagia divai, mshumaa mkubwa ukawashwa, na ngano iliyochemshwa kwa sukari ikawekwa mezani ili kila mgeni apokee kijiko chake anapoingia. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Husimama tangu asubuhi mpaka mshumaa utakapozimwa, anapokea wageni, anajaza glasi, kiti chake hakina mtu. Wageni hawaalikwi, anayekumbuka huja, na anayekuja hafukuzwi, hata akiwa adui. Jambo moja tu haliwezekani: mtu mwenye slava siku hiyo kwenda kwenye slava ya mtu mwingine. Atakwendaje, na mtakatifu wake anamsubiri nyumbani?

Gavra alisimama karibu na mshumaa, akaona uani wageni wa kwanza wakikung'uta matope viatuni. Akafikiri kwamba ng'ambo ya mfereji, saa ileile, mzee Arsen naye alikuwa amesimama karibu na mshumaa wa mtakatifu huyohuyo. Hapo ndipo alipopata njia. Akavua aproni aliyofungwa na Desanka.

"Unakwenda wapi?" Desanka akauliza.

"Kwa watu. Kwenye slava."

"Slava gani? Slava si hii?"

"Nakwenda Donji Jaz."

"Gavra, umekunywa? Mshumaa unawaka! Nani atasimama?"

Gavra akachukua chupa ya divai kama mgeni anavyochukua, akavaa kofia, akapita katikati ya wageni wake mwenyewe waliokuwa wakiingia. Toša alikuwa mmoja wao.

"Heri ya slava, mwenye nyumba!" Toša akasema, akinyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani.

Njia ya Donji Jaz hupita juu ya daraja la mbao, kisha kando ya alizeti zilizokauka. Alitembea haraka kwa sababu alijua akipunguza mwendo atageuka. Nyumba ya Arsen ilijaa watu mpaka barazani. Alipoingia, aliyemtambua kwanza ni Radoš, aliyekuwa amebeba sahani, na sahani ikakaribia kumponyoka.

Mzee Arsen alikuwa amesimama kwenye nafasi yake, mfupi, masharubu meupe, fimbo mkononi kwa sababu ya kusimama kutwa. Chumba kizima kilijua Gavra ni nani na leo ni siku gani. Maneno yalikatika meza baada ya meza.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," Gavra akasema.

"Wewe ni Gavra wa Gornji Rit."

"Ndiyo mimi."

"Leo ni Mtakatifu Toma."

"Najua."

"Basi umekuja kunitukana, au umerukwa na akili?"

"Nimekuja kuwa mgeni," Gavra akasema. "Mtakatifu huyu ni wa bibi yangu. Babu yangu hakuwa Erdeljan. Aliitwa Avram Ursu, Mrumania, kibarua. Alikuja kwa miguu akaolewa kwenye nyumba ya bibi. Jina alipewa pamoja na shamba. Mimi ni mjukuu wake. Ndiyo maana naweza kusimama hapa leo."

Kisha mwanamke mmoja karibu na jiko akacheka kidogo, akaziba mdomo.

Mzee Arsen hakucheka. "Nitajuaje hudanganyi ili binti yako aolewe?"

"Mzee wangu," Gavra akasema, "umewahi kumsikia mwanamume akimsingizia babu yake kwamba aliolewa?"

Hapo walicheka wengi, na masharubu ya Arsen yakatikisika kabla hajayazuia. Akauliza, "Bibi yako alikuwa binti wa nani?"

"Wa Sofronije."

"Sofronije." Mzee alifikiri, midomo ikisogea. "Sisi tulikuja huku kabla reli haijajengwa. Baba yangu alinitajia wote waliobaki nyuma, na Sofronije hakumtaja. Na hata angekuwepo, ni damu ya upande wa kike, hiyo huisha mapema." Kisha, kama mtu aliyekumbuka moto jikoni, "Mshumaa wako unawaka?"

"Unawaka."

"Nani amesimama?"

"Sijui," Gavra akasema. "Labda hakuna."

Neno hilo liliwaingia watu wa chumba kile kuliko yote yaliyotangulia. Wanawake wakajifanyia ishara ya msalaba. Mzee Arsen akamtazama mtu huyu aliyeacha mshumaa wake bila mtu, na usoni mwake ukaonekana ukali ukigombana na kitu kingine. Mtu wa nyumba au wa ukoo siku hiyo hapewi ngano mlangoni. Ngano hupewa mgeni. Kila aliyekuwemo alilijua hilo. Mzee akaiegemeza fimbo ukutani, akaenda mwenyewe mezani, akachukua bakuli na kijiko, akavileta kwa mikono miwili.

"Pokea, mgeni."

Gavra akajifanyia ishara ya msalaba na kula. Nyuma ya umati sahani ya Radoš ilianguka kweli safari hii.

"Sasa toka," Arsen akasema. "Kimbia, bwana! Mtakatifu wa bibi yako yuko peke yake. Mambo mengine tutaongea kesho, miguu yangu ikipona."

Alikimbia, mtu wa miaka hamsini na zaidi, kofia mkononi. Darajani alianza kuona aibu kwa alichomtendea shangazi yake, na aibu hiyo ilimfuata mpaka getini. Alimwazia amejifungia chumba cha nyuma, ameelekea ukutani, wageni wametawanyika, mshumaa umezimwa na upepo.

Nyumba ilikuwa imejaa. Toša ndiye aliyemdaka mlangoni, uso wake mwekundu kwa divai na furaha.

"Kumbe na nyie mmeolewa!"

"Babu yangu, Toša. Si mimi."

"Miaka yote hii! Miaka yote, bwana, narudi kabla ya kuku na wewe unanicheka!" Alikuwa akicheka mpaka anashika nguzo, kisha akamkumbatia Gavra kwa nguvu na kuacha kucheka. "Ingia. Mwone mwenyewe."

Kando ya mshumaa, mahali pa mwenye nyumba, alikuwa amesimama Shangazi Perka. Hakuwa ameegemea ukuta. Alikuwa amevaa kitambaa kizuri, na vifundo vya miguu vimevimba juu ya viatu. Desanka alikuwa nyuma yake na mikono tayari kumdaka, na ilionekana kwamba alikuwa amekatazwa kumgusa.

"Amesimama tangu ulipotoka," Toša akanong'ona. "Kila anayeingia anauliza, Gavra yuko wapi? Naye anajibu: 'Mjukuu wa baba yangu Ursu amekwenda slava ya watu.' Kila mmoja, Gavra. Hata padri aliporudi kuchukua mwavuli."

Gavra akamkaribia.

"Shangazi."

"Wamekupa ngano?"

"Wamenipa."

"Nani alikupa? Mwanamke, au mzee mwenyewe?"

"Mzee mwenyewe."

Perka akatikisa kichwa mara moja. "Walikuwa wanauliza," akasema. "Nidanganye siku ya mtakatifu? Haya, shika mahali pako, miguu inaniua." Na Desanka akaruhusiwa kumshika.

Aliketi pembeni ya jiko, viatu vimevuliwa, Smilja amepiga magoti mbele yake akimsugua vifundo huku akilia juu ya soksi zake. Perka alimwacha alie. Baadaye kidogo, wageni wakiwa na kelele, alianza kumweleza Smilja habari za mtu aliyekuwa akiimba Kirumania nyuma ya plau, na jinsi ng'ombe walivyokuwa wakisimama akiacha kuimba.

Harusi ilikuwa Februari, kabla ya mfungo wa Pasaka. Smilja alihama nyumba bila kuhama jina. Kwetu watu wa bwana harusi wakija kumchukua bibi harusi hukuta geti limefungwa, na lazima watukanwe na watukane kabla ya kufunguliwa. Gavra alikuwa amelala vibaya kwa sababu ya hilo. Alimwomba shangazi abaki ndani, kuna baridi, barafu imeganda uani. Hakusikia. Alibebwa juu ya kiti, amefunikwa blanketi, mpaka nyuma ya geti.

Magari ya farasi yakafika na kengele na matari. Kijana mmoja wa Donji Jaz, aliyekwisha kunywa, akasimama juu ya kiti cha dereva na kupaza sauti.

"Fungueni! Tumekuja kumchukua mtoto wa dubu!" Na akavuma, mvumo mrefu wa dubu, na wenzake wakavuma naye.

Uani watu wote waliganda. Gavra akamgeukia shangazi yake. Perka alikuwa ameshika mikono ya kiti, uso umekuwa mdogo, na kwa muda alikuwa msichana aliyeinama kisimani. Kisha akavuta pumzi mpaka blanketi likapanda.

"Ingieni!" akaita, kwa sauti ambayo Gavra hakuwahi kuisikia ikitoka chumba cha nyuma. "Lakini ingieni mmoja mmoja, wanangu, na mshike suruali zenu. Huku kwetu wanaume wenye sura nzuri hatuwarudishi kwao. Tunawaoa!"

Toša ndiye aliyeanza kushangilia. Geti likafunguliwa.